Kadi ya harusi: jina la babu liandikwe na "Seyyid" au bila?

MTOTO WA SHANGANI ameuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina kadi ya harusi inayosubiri neno moja tu, na mpiga chapa ananitaka jibu Alkhamisi.

Mdogo wangu anaolewa mfunguo mosi. Baba yetu amekwishafariki, kwa hivyo kadi inatoka kwa jina la familia ya marehemu babu, baba yake baba. Babu alikuwa Busaidi, ukoo wa masultani wa Zanzibar. Si wa nyumba ya mfalme. Alikuwa karani wa forodha, akenda kazini kwa miguu na mwavuli wake kwapani. Lakini ukoo ni huo huo, na kabla ya 1964 mtaa mzima ukimwita Seyyid. Mwenye duka akimwita Seyyid, muuza kahawa akimwita Seyyid, hata barua za ofisini zikianza hivyo.

Mama aliandika rasimu: "Familia ya marehemu", kisha jina la babu, la baba yake na la ukoo, "inayo furaha kukualika kwenye nikaha ya binti yao". Nikaipiga picha nikamtumia ami yangu, kaka yake baba, anayekaa Muscat tangu miaka ya sabini. Akanijibu kwa sauti ya dakika sita. Kwa ufupi, anasema huko aliko hakuna kadi ya Busaidi inayotoka bila ya Sayyid, na kumwandika babu jina tupu ni kumvua nguo mbele za watu. Na bibi, ambaye yuko hai na ndiye mkubwa wa familia, anataka aandikwe Sayyida.

Mama alisikiliza mara mbili, akaniambia nizime simu, akarudi kukuna nazi yake. Usiku, watoto walipolala, akanitolea msahafu wa babu.

Kwenye karatasi nyeupe za mwisho wa msahafu huo babu akiandika kwa herufi za Kiarabu kila alipozaliwa mtoto: jina, siku, saa, na kama mvua ilikuwa ikinyesha. Watoto watano. Wawili wa mwanzo, ami wa Muscat aliyezaliwa 1958 na shangazi wa 1961, wameandikwa "bin Seyyid" na "binti Seyyid". Watatu waliofuata, wa kwanza wao baba yangu, 1966, wameandikwa kwa jina la babu peke yake. Mkono ni ule ule, na wino ni ule ule mweusi. La zamani hakulifuta. Hakuliandika tena, basi.

Nimekaa na ukurasa ule muda mrefu. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na kila mmoja ana baba mwenye jina lake. Ami akisema "hilo ndilo jina la baba yangu", hasemi uongo, lipo kwa hati ya babu mwenyewe. Mama akisema "mume wangu hakuzaliwa na Seyyid", naye hasemi uongo.

Jambo hili lilianza kutokota Disemba 2024, alipofariki Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Zanzibar, huko Muscat akiwa na miaka 95. Kwenye kundi letu la familia la WhatsApp kila mtu alimwombea dua, ila kila mtu kwa namna yake. Mmoja kaandika Sultani, mwengine Sayyid, mwengine Mzee Jamshid, mwengine marehemu na jina tu. Alikaa kwenye kiti tangu Julai 1963 hadi tarehe 12 Januari 1964, akaishi uhamishoni Uingereza zaidi ya miaka hamsini, na sisi bado hatujakubaliana tumwite nani. Sasa imefika zamu ya babu.

Naomba mnisaidie mawili. Kwa desturi ya hapa Unguja, kadi ya siku hizi huandikwaje? Na bibi aandikweje? Mwenyewe sijamuuliza. Ana miaka themanini na tano, sitaki kumpelekea ugomvi wa watoto wake kabla mimi mwenyewe sijajua ninasema nini.


MWANA WA MVITA amejibu:

Waalaykum salaam dada. Kwetu Mombasa vyeo vingi vilikuwa vya kazi kuliko vya damu, labda ndiyo sababu viliondoka bila ya kishindo. Ule ukanda wa maili kumi wa Mwambao ulikuwa, kwa karatasi, milki ya Sultani wa Zanzibar mpaka alipouachia kwa mkataba wa Oktoba 1963, na bendera yake nyekundu ikipepea juu ya Ngome. Aliyemwakilisha ni Liwali, chini yake Mudiri, na pembeni Kadhi. Uhuru ulipokuja, Liwali na Mudiri wakaenda na upepo. Kadhi akabaki, na yumo kwenye katiba ya Kenya hadi leo.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mudiri. Kazi ilipokwisha akarudi kwenye jina lake, lakini nyumba yetu mpaka hivi leo ni "kwa Mudiri". Mtoto wa jirani wa miaka saba huambiwa, "Kimbia kwa Mudiri ukalete sufuria," naye hukimbia, wala hajui mudiri alikuwa akifanya kazi gani. Kwenye kadi hatujaliandika hata siku moja. Tumeolewa binti wanne pale na kila mgeni alifika bila kuuliza njia.

Kinachoniuma ni kibao kimoja cha njia, Mji wa Kale: Sir Mbarak Hinawy. Huyo alikuwa Liwali wa Pwani. Kibao kimehifadhi cheo alichopewa na Waingereza, na kile ambacho wazee wetu walimwita nacho kila siku hakimo.


MPIGA CHAPA MSTAAFU amejibu:

Mwanangu, nimechapa kadi za harusi hapa mjini tangu 1972 mpaka macho yaliponikatalia. Nitakujibu kwa nilichokishika kwa mikono.

Nilipoanza tukipanga herufi za risasi moja moja, kinyumenyume, kwenye kishikio cha chuma. Ukimaliza kuchapa unazivunja, unazirudisha kila moja kwenye chumba chake. Lakini neno linalotumika kila siku hatukulivunja. Tulilifunga kwa uzi tukaliweka kwenye kisanduku, ili kesho lichukuliwe zima. Kisanduku chetu kilikuwa na maneno matatu: "Bismillahi", "mnakaribishwa", na "Ndugu".

Bwana harusi Ndugu, baba yake Ndugu, mgeni wa heshima Ndugu. Daktari Ndugu, mvuvi Ndugu. Nataka ulielewe neno hili kwa uzito wake, maana vijana hulitaja kama amri ya chama na basi. Wako watu ambao neno lile lilikuwa heshima yao ya kwanza kutangulia jina lao kwenye karatasi. Namkumbuka mchukuzi mmoja wa bandarini aliyekuja kuchukua kadi za mwanawe. Aliweka kidole juu ya "Ndugu", akauliza, "Hii ndiyo ile ile ya bwana afisa?" Nikamwambia ndiyo ile ile, risasi ile ile, nimeitoa kwenye kadi yake jana nimeitia kwenye yako leo. Akaomba kadi mbili zaidi za kujiwekea.

Na walikuwapo wa upande wa babu yako. Walioingia dukani na jina refu wakatoka na jina fupi. Wakisema tu, "Andika hivi, inatosha." Miaka yote ile hakuingia ofisa hata mmoja kwangu kunikataza kuchapa Seyyid. Hakukuwa na haja. Watu waliyatazama maji wakakunja nguo wenyewe.

Miaka ya themanini, biashara ilipofunguliwa, kisanduku kikaanza kubadilika. Alhaj ikaingia, Sheikh ikarudi, baadaye Mheshimiwa ikaja kwa nguvu, na "Ndugu" yetu ikavunjwa, herufi zikarudi vyumbani mwao. Nilizivunja mwenyewe. Seyyid nilikuja kuichapa tena 1993, kwa familia iliyotoka Ghuba kuja kuoza mtoto hapa. Kila kitu kwenye rasimu yao kiliandikwa kwenye ukurasa mmoja, isipokuwa neno hilo. Hilo lilikuja kwenye kikaratasi peke yake, kimekunjwa mara nne.

Sasa neno lenyewe, kwa sababu naona ami yako na mama yako wanalishika kila mtu mwisho wake. Kuna Sayyid wawili hapa kwetu. Yuko yule tunayemwita Sharifu, anayenasibishwa na Mtume, na huyo cheo chake hakikutolewa na mfalme wala hakikuondoka na mfalme. Ukienda Lamu, ukienda Unguja, anabusiwa mkono kama jana. Na yuko Seyyid wa Busaidi, ambaye hadai nasaba hiyo. Hao walitokana na Imamu Ahmad bin Said, Oman, karne ya 18. Yeye alikuwa Imamu kweli, kwa kuchaguliwa. Waliomfuata na hawakuwa maimamu walishika Sayyid, na ndivyo likatufikia na Seyyid Said bin Sultan. Kwa hivyo lilikuwa neno la nyumba yenye utawala. Sultani ni neno la mikataba na sarafu. Kinywani mwetu halikukaa sana. Mpaka leo husikii mtu wa Unguja akisema Sultani Barghash. Ni Seyyid Barghash. Na ile meli iliyomchukua Jamshid siku ile ilikuwa na jina la Seyyid Khalifa ubavuni.

Ukiamua kuliandika, basi liandike Seyyid, kwa herufi zetu. Hiyo Sayyid ya ami yako ni ya huko aliko, na kwenye karatasi ya Kiarabu ya siku hizi kila mwanamme ni "al-sayyid", hata barua ya benki inayomdai.

Kuhusu babu, mimi ningelichapa jina lake kama yeye mwenyewe alivyolimaliza. Alikuwa na kalamu, alikuwa na msahafu, na kwa mtoto wa tatu, wa nne na wa tano alipata nafasi ya kulirudisha neno lile ndani ya nyumba yake, pasipo na jicho la mtu. Hakulirudisha. Hilo kwangu ni wasia.

Bibi sasa. Hapa ami yako amekosea kabisa, na nasema kwa mapenzi. Wanawake wa nyumba ile hapa Unguja wakiitwa Bibi. Mke mkubwa wa Seyyid Said alikuwa Bibi Azza. Binti zake ni Bibi Khole, Bibi Salme. Hilo ndilo lililokuwa neno la kasri, likasemwa na watumwa na mawaziri. Halafu likatoka nje likaenea mitaani, kila mwanamke mwenye wajukuu akawa nalo. Sayyida kwenye kadi ya bibi yako ni neno la kuazima. Analo lake tangu zamani na mnamwita nalo kila asubuhi mnapomwamkia.

Kamuulize. Miaka themanini na tano si mgonjwa, ni mkubwa.


MKAAZI WA MUTTRAH amejibu:

Mzee amesema vizuri lakini naomba nimtetee ami. Mimi nimezaliwa Pemba nimekulia Oman.

Huku Sayyid si la kuazima wala si la kumbukumbu. Waziri wetu wa Mambo ya Nje ni Sayyid Badr bin Hamad Al Busaidi, na ndivyo anavyotajwa kwenye taarifa ya habari kila siku. Mtu wa ukoo ule akiandikwa bila ya neno hilo, msomaji hudhani ni kosa la chapa au ni mtu mwengine. Ami yako amekaa nusu karne mahali ambapo ufalme upo na unaendelea. Hawezi kulisikia neno kama kitu kilichokwisha mwaka 1964, kwa sababu kwake halikukwisha.

Na kuna jambo jengine ambalo mliobaki mnaweza kulisahau. Waliokuja huku walikuja mikono mitupu. Nyumba iliachwa, shamba likaachwa, kasha likaachwa. Jina ndilo lililopita forodhani bila kukaguliwa. Mama yangu alikuwa akitutamkia majina ya babu saba kila usiku kabla ya kulala, na akikosea mtu mmoja wetu tunaanza upya. Kwa hivyo ami anapotuma sauti ya dakika sita kwa neno moja, hizo dakika si za kiburi.


MZAWA WA DUNGA amejibu:

Nimesoma yote kwa heshima. Naomba niseme la upande ambao kadi hiyo pia itaufikia, maana harusi ya mjini haialiki ukoo mmoja.

Bibi mzaa bibi yangu alikuwa mjakazi katika nyumba moja ya mjini. Utumwa ulifutwa Unguja 1897, yeye akiwa mtoto, lakini lugha haikufutwa siku hiyo. Alipokuwa mtu mzima mwenye mvi akimwamkia mtoto wa nyumba ile Shikamoo, na mtoto akiitikia Marahaba. Bibi yangu alitusimulia hilo mara moja tu, akasema hataki kulirudia. Leo Shikamoo ni yetu sote, nawapa wazee wangu kwa moyo mweupe. Safari yake naijua.

Na kabla ya Seyyid wa mwanzo hajateremka jahazini, kisiwa kilikuwa na mtawala wake, Mwinyi Mkuu. Magofu ya nyumba yake yako hapa kwetu Dunga, nayapita nikienda shamba. Wa mwisho mwenye nguvu, Muhammad bin Ahmad, alifariki 1865. Mwanawe akamfuata 1873, ikawa ndiyo mwisho. Ngoma zake na siwa zikaenda makumbusho. Cheo chenyewe, je? Kiliingia kwenye majina ya watoto. Tumekuwa na Rais Ali Hassan Mwinyi, na leo Rais wa Zanzibar ni mwanawe, Hussein Mwinyi. Jumbe nalo lilikuwa cheo cha mwambao, tukapata Rais Aboud Jumbe. Sheha alikuwa mkubwa wa kijiji chetu kwa mila. Sasa anateuliwa na serikali na ukitaka barua ya utambulisho unakwenda kwake. Maneno yetu hayakufukuzwa, yalipewa kazi nyengine.

Yuko pia yule mwanamke wa Fumba aliyezaliwa akaitwa Mtumwa binti Saad. Alipoimba mpaka wafalme wakamsikiliza, akaitwa Siti, bibi mheshimiwa. Alifariki 1950 akiwa Siti, na hakuna mtoto wa Unguja asiyemjua kwa jina hilo. Huyo cheo alipewa na waliomsikia.

Dada, andika utakavyo, ni babu yako na mimi nitakuja kula biriani. Ila nilikuwa nikifikiria yule mchukuzi wa bandarini aliyesimuliwa na mzee hapo juu. Kadi moja nayo ingemfikia.


MKAAZI WA HAMBURG amejibu:

Aliyoyasema mzawa wa Dunga kuhusu Mwinyi na Jumbe yamenishtua, kwa sababu hapa Ujerumani walifanya jambo hilo kwa sheria. Mfalme wao aliondoka Novemba 1918. Katiba waliyoiandika Weimar mwaka uliofuata, kifungu cha 109, ilisema vyeo vya ukabaila sasa ni sehemu ya jina tu, na visitolewe tena. Ndiyo maana mkuu wa ile nyumba ya kifalme leo anaandikwa Georg Friedrich Prinz von Preußen: "Prinz" imekaa katikati, baada ya jina lake, kama ubini. Sijui niseme ni cheo kilicholazwa. Dadaye mtu wa namna hiyo huandikwa "Prinzessin", kwa sababu mahakama yao kuu iliamua 1926 kwamba mwanamke abaki na umbo la kike la neno hilo, ingawa sasa ni jina la ukoo.

Jirani zao wa Austria walikuwa wakali zaidi. Aprili 1919 walifuta hata "von". Mtoto mkubwa wa mfalme wao wa mwisho, ambaye dunia nzima ikimwita Otto von Habsburg, kwa karatasi za Austria alikuwa Otto Habsburg-Lothringen. Vuka mpaka kwa treni, unapata au unapoteza neno zima. Nimefikiria huyo ami na baba yenu.

Kaburi la Bibi Salme liko hapa Hamburg, makaburi ya Ohlsdorf. Aliolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete, na alipochapisha habari za maisha yake 1886 jina lake lilifuatiwa na maneno kwamba amezaliwa Prinzessin wa Oman na Zanzibar. Wasomaji wa huku wasingejua Bibi ni nini. Nikienda kumzuru, mimi humwamkia kwa lile alilozaliwa nalo. Nasema, "Shikamoo Bibi."


MTOTO WA SHANGANI amerudi:

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa shughuli. Kadi zimetoka, mia nne.

Nilimuuliza bibi. Nilimkuta barazani anachagua mchele, nikakaa naye tukachagua pamoja mpaka ungo wa kwanza ukaisha ndipo nikafungua kinywa. Nilimwekea msahafu mapajani. Yeye hahitaji miwani kwa maandishi ya babu, ameyazoea.

Nikamuuliza kwa nini kwa baba neno halimo. Nilidhani atasema hofu, na hofu ilikuwapo, amenihadithia mengine ambayo sitayaandika hapa. Lakini kuhusu mstari ule alisema hivi. Baba alizaliwa alfajiri, babu akakaa na kalamu mpaka jua likatoka. Bibi akamuuliza kutoka kitandani mbona haandiki. Babu akasema, "Yule mkubwa nimempa nilichokuwa nacho. Huyu atasoma skuli hapa." Kisha akaandika.

Na juu yake mwenyewe akaniambia niandike Bibi. Sayyida, alisema, hajui ni nani huyo, yeye Muscat hajapata kwenda. Nilipomweleza kuwa Bibi Khole na Bibi Salme waliitwa hivyo hivyo, hakushangaa. Aliuliza kwani nilidhani wakiitwaje.

Kadi imeandikwa jina la babu kama alivyolimaliza, na chini yake Bibi na jina lake. Mzee mpiga chapa, shukrani nyingi. Mama ameisoma rasimu akataka kukutumia salamu na sahani. Mzawa wa Dunga, kadi yako ipo, nitafutie anwani ya kuileta, na njoo na wazee wa kwenu.

Ami sikumjibu kwa maneno. Nilimpigia picha ukurasa wote, majina matano, nikamtumia. Alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akaandika, hakutuma sauti. Picha haikuwa wazi pembeni, akataka nimsomee mstari wake mpaka mwisho, kama siku aliyozaliwa yeye babu ameandika mvua.

Ameandika. Ilinyesha tangu usiku wa manane.